Mbuzi ya Amande, Nani Anaikula?

Utangulizi

Kila mtu aliyekomalia Masisi ao Walikale anajua namna mambo yanavyoenda. Mbuzi ya jirani imeingia katika shamba la maharagi. Kijana amekata mkungu wa ndizi usio wake. Wanaume wawili wamekunywa kasiksi siku ya soko, na mmoja amempasua mwenzake kichwa kwa chupa. Hapo njia zinakuwa mbili. Ya kwanza inashuka ku polisi, inapita ku kasho, inaenda ku parke, na mara nyingine inafika mpaka ku jela. Ya pili inaenda ku barza: wazee wanaketi, wanasikiliza, wanakata maneno, na jioni watu wanarudi kwao.

Siku hizi watu wa sheria katika nchi nyingi wanaipa njia hii ya pili heshima kubwa. Wanasema kwamba kwa makosa madogo, heri mkosaji aepushwe na mashitaka, kusudi atengeneze alichoharibu bila kuonja jela. Nchini Kenya, ofisi ya mwendesha mashitaka mkuu ilitoa mwongozo wake juu ya jambo hilo mwaka 2019. Uganda ilitangulia: sheria yake ya watoto ya 1996 iliachia baraza la kijiji makosa kama wizi mdogo, kupigana na kuharibu mali, pale mkosaji ni mtoto, na baraza linaweza kuamuru aombe radhi, alipe fidia ao arudishe kitu. Mtu wa Masisi akisikia hayo anacheka kidogo na kusema: kumbe wamegundua barza!

Sisi hatutaki kucheka haraka. Tunataka kuuliza ulizo ambalo kijitabu kinachosifu mila hakiwezi kulikwepa: kumaliza kosa nje ya tribinali, je, ni haki, ao ni kuuza haki? Na tutaanza na jambo letu wenyewe, juu si vizuri mwalimu ahukumu wazee bila kujihukumu.

1. Mabati matatu

Tulikuwa mwalimu kijana wakati ule, tukifundisha katika shule moja ya sekondari ya Masisi. Mwanafunzi mmoja wa mwaka wa nne, mwenye miaka 16, alikamatwa na mabati matatu ya shule. Shule ilikuwa imeyapata kwa jasho la wazazi, na msimu wa mvua ulikuwa karibu. Hasira ilikuwa kubwa.

Siku ya pili baba yake alikuja pamoja na wazee wawili. Walileta maneno yaliyopangwa vizuri. Mabati mawili yalikuwa mazima, yarudishwe. La tatu lilikuwa limekwisha kukatwa, baba atanunua lingine baada ya mavuno. Na kijana mwenyewe atafyatua matofali ya shule wakati wote wa mapumziko, mbele ya wenzake, kusudi kila mtu aone kwamba analipa kwa mikono yake. Mzee mmoja alisema: “Walimu, muko na haki ya kukasirika. Lakini huyu mutoto atabakia hapa hapa na sisi. Mutusaidie tumurudishe.”

Tulikataa. Tulisema shule si fasi ya kubembeleza wezi. Tulisema tunataka awe mfano. Barua ya kumpeleka ku polisi ilihitaji mtu wa kuiandika, na sisi ndio tulioiandika, maana walimu wenzetu walisifu mwandiko wetu.

Kijana alikaa katika kasho siku tisa. Katiba ya nchi yetu, ya tarehe 18/2/2006, inasema mtu asishikwe na polisi zaidi ya saa 48 bila kufikishwa mbele ya wenye mamlaka wa sheria. Tulikuwa tukiifundisha katika somo la uraia. Siku ya kumi baba yake aliuza mbuzi yake, ya pekee, akatoa makuta, na mlango ukafunguliwa. Hakupewa karatasi yoyote. Mabati yalibaki kule yalikopelekwa kama ushahidi, na shule haikuyaona tena. Kwa hiyo hesabu ni hii: shule ilikosa mabati, baba alikosa mbuzi, kijana alikosa masomo, juu hakurudi darasani tena. Miezi kadhaa baadaye tulisikia kwamba amepanda mlimani pamoja na watu wenye silaha.

Hatusemi kwamba kasho peke yake ndiyo iliyomtuma kule. Vijana wengi wa kwetu wamechukua njia ile bila kuiba hata sindano. Lakini tulipokutana na baba yake sokoni, mwaka uliofuata, alitusalimia kwa heshima, akashika mkono wetu na kusema: “Mwalimu, mbuzi yangu walikula. Na mutoto wangu, mulijua fasi iko?” Hatukuwa na jibu. Tangu siku ile tumekuwa tukiwaza juu ya mbuzi ile.

2. Wazee waliuliza nini

Kati ya kasho na barza kuna tofauti ambayo inaanzia katika maulizo. Tribinali inauliza: ni sheria gani imevunjwa, nani aliivunja, na apewe azabu gani? Barza, ikiwa barza ya kweli, inauliza mengine: nani ameumia, ni kitu gani kitamtuliza, na kesho hawa wawili watachotea maji wapi? Ulizo la mwisho ndilo kubwa. Katika kijiji, aliyeiba na aliyeibiwa wanachota maji katika chemchemi moja, wanapanda mlima mmoja kwenda soko moja. Kumfunga mmoja miezi sita hakuondoi ile chemchemi. Siku moja atarudi, na jirani yake atakuwa bado pale.

Wanyanga wa Walikale wana hadisi kubwa inayotufundisha juu ya hili, hadisi ya Mwindo. Wengi wameisikia kwa babu zao. Wasomi wanaijua juu Daniel Biebuyck aliiandika mwaka 1956 kutoka kinywani mwa Rureke, na ikachapishwa kama kitabu mwaka 1969 pamoja na kazi ya Kahombo Mateene. Shemwindo, mwami wa Tubondo, hakutaka mtoto mwanaume. Mwindo alipozaliwa, baba yake alijaribu kumwua, kisha akamfungia katika ngoma na kumtupa mtoni. Kosa gani linapita hilo? Mwindo alipopata nguvu alimfuata baba yake mpaka chini ya ardhi, akamshika. Wenye hasira tungengoja amwue. Lakini alimrudisha kijijini. Watu wote wakakusanyika, Shemwindo akakiri ubaya wake mbele yao, na Iyangura, dada yake, akasema maneno makali aliyotaka kusema. Baada ya hapo baba na mtoto waligawana mamlaka.

Tuangalie vizuri mambo matatu katika mkutano ule. Mkosaji alikiri kwa kinywa chake, hadharani. Mwanamke alisema, na alisikilizwa. Na aliyekosewa ndiye aliyekuwa na neno la kusamehe. Hakuna mzee aliyesamehe kwa niaba yake.

Hadisi haikuishia pale. Mwindo mwenyewe, alipokuwa mwami, alianza kujisifu na kuua ovyo. Nkuba, yaani Radi, alimpandisha mbinguni, akateseka mwaka mzima mbele ya Mwezi, Jua na Mvua, mpaka kiburi kikapoa. Kisha akarudishwa Tubondo kutawala. Kwa hiyo mila yetu si ya kubembeleza. Azabu ipo, tena kali. Lakini azabu ya Mwindo ilikuwa na mlango wa kurudi, na aliporudi alikuwa amejifunza kitu. Hiyo ndiyo tofauti kati yake na siku tisa za kijana wetu, ambaye katika kasho hakuna aliyemfundisha lolote, isipokuwa kwamba mlango unafunguliwa kwa makuta.

3. Leta nayo ilikuwa na njia zake

Watu wengine wanafikiri kwamba barza ni mila na mashitaka ni sheria, na kwamba vitu hivi viwili havijuani. Si kweli. Wabelgiji, kwa dekre ya tarehe 15/4/1926, walitia tribinali za kimila katika muundo wa serikali. Ndipo mambo ya barza yalipoanza kuandikwa katika vitabu. Kitu kimoja kilibadilika hapo, na wachache wanakiona. Mbele, mbuzi ilitoka kwa mkosaji ikaenda kwa aliyekosewa, na nyingine ikachinjwa ili watu wale pamoja. Baadaye neno amande likaingia, na amande haiendi kwa aliyekosewa; inaenda kwa mwenye mamlaka. Leo tunatumia neno moja kwa vitu vyote viwili, na katika mchanganyiko ule wengi wameshiba.

Sheria ya Kongo yenyewe inakubali kwamba si kila kosa lifike mbele ya zuzi. Dekre ya tarehe 6/8/1959 juu ya mwenendo wa kesi za azabu inamruhusu ofisa wa polisi ya sheria, yule tunayemwita opeje, pamoja na magistra, kumwambia mwenye kosa dogo alipe kiasi fulani ku hazina ya leta, na mashitaka yanakwisha. Sheria ya kulinda mtoto, ya tarehe 10/1/2009, imekwenda mbali zaidi: inasema mtoto aliye chini ya miaka 14 hawezi kuhesabiwa kuwa na hatia mbele ya sheria ya azabu, na inaweka upatanishi kati ya mtoto aliyekosa na yule aliyeumizwa, chini ya uangalizi wa komite. Katiba nayo inatambua mamlaka ya kimila. Kwa hiyo wale wazee wawili waliokuja kutuona juu ya mabati hawakuomba kitu cha ajabu. Kwa roho, walikuwa karibu na sheria kuliko sisi walimu wenye diploma.

Na tunajua vizuri kile kilichoko mwisho wa njia ya kwanza. Tarehe 6/5/2021 utawala wa kijeshi wa dharura ulianza katika Kivu Kaskazini na Ituri, na kesi za azabu za raia zikapelekwa mbele ya tribinali za kijeshi. Fikiria mwenye kosa la mkungu wa ndizi, anatoka Nyabiondo ao Kibua, anangojea askari wamhukumu kule mbali, na familia haina franga za safari, wala avoka, wala chakula cha kumpelekea. Jela ya Munzenze, Goma, ilikuwa imekwisha kujaa mara nyingi kupita kipimo chake. M23 walipoingia Goma mwezi wa kwanza 2025, maelfu ya wafungwa walitoroka, na wanawake wengi waliokuwa wamefungwa humo walipoteza maisha. Katika jela ya Makala, Kinshasa, serikali ilihesabu maiti 129 baada ya jaribio la kutoroka la tarehe 2/9/2024. Mwenye kumtuma mtu katika nyumba kama zile kwa sababu ya kuku ao ndizi, afikiri mara mbili. Kosa lilikuwa la kuku, lakini azabu inaweza kuwa uhai.

Kuna sababu nyingine inayotuhusu sisi hasa. Mwezi wa tatu 1993 mapigano yalilipuka katika soko la Ntoto, Walikale, yakaenea Masisi, na watu maelfu wakafa. Asili ya vita ile ilikuwa kubwa: udongo, uraia, madaraka. Hakuna anayeweza kusema ilitokana na ugomvi wa mbuzi. Lakini tangu wakati ule, kwetu ugomvi wa mbuzi hauko tena ugomvi wa mbuzi peke yake. Ng'ombe ikiingia katika shamba, watu wanauliza kwanza ng'ombe ni ya kabila gani na shamba ni la kabila gani. Kosa dogo lililoachwa bila kutengenezwa linalala chini kama moto wa makala. Ndiyo maana mwishoni mwa miaka ya 1990 wazee wa makabila mbalimbali ya jimbo walikusanyika Goma katika Barza Intercommunautaire, kusudi maneno yazimwe yakingali madogo. Kazi ile ilisaidia kwa muda. Katikati ya miaka ya 2000 siasa iliingia ndani yake, na nguvu ikapungua. Lakini wazo lilikuwa la kweli: samaki mkunje angali mbichi.

4. Lakini tuseme ukweli juu ya barza

Mpaka hapa msomaji anaweza kufikiri kwamba tunapiga ngoma ya wazee. Sasa tubadilishe mguu.

Nani anakula mbuzi ya amande? Tumeketi katika barza nyingi tangu ile habari ya mabati, mara nyingine kama mwandishi, juu mwalimu hakosi kupewa kalamu. Tumeona mambo mazuri. Tumeona mjane aliyeharibiwa shamba akisema: “Munipatie tu maharagi yangu ya mbegu, mimi sitaki mutoto wa watu afungwe,” na akapewa, na mambo yakaisha kabisa. Lakini tumeona pia barza ambamo mkosaji alitoa mbuzi mbili na mitungi mitatu ya kasiksi. Mbuzi moja ikaliwa na wazee pale pale, ya pili ikaenda kwa kapita, kasiksi ikanywewa na wote, na mwenye shamba akarudi nyumbani na harufu ya nyama tu. Mambo kama hayo hayako upatanishi. Ni kasho ya pili, isiyo na kuta.

Tena kuna wasiosema. Katika barza nyingi mama anaketi nyuma, na mume wake ao kaka yake ndiye anayeeleza maumivu yake. Mkimbizi aliyehamia juzi kutoka kijiji kilichochomwa hana mzee wa kumsimamia. Mbilikimo anasikilizwa akiwa ameitwa kujibu, mara chache sana akiwa ameshitaki. Na mwenye ng'ombe mia anaona mbuzi mbili si kitu, anaweza kulisha shamba la watu kila mwaka na kulipa kila mwaka. Kwake amande imekuwa kodi ya kukosa.

Hata hayo si mabaya zaidi. Mwaka fulani msichana mmoja, mwanafunzi wetu wa zamani, alibakwa na mtu mwenye mali. Familia mbili ziliketi. Ilisemwa kwamba aibu isitoke nje, kwamba mambo ya parke ni marefu, kwamba mbuzi kadhaa na ng'ombe mmoja vitaleta amani. Sisi tulikuwa pale, na kalamu. Tuliandika walichokubaliana. Msichana hakuulizwa kitu. Tulinyamaza, tukajiambia kwamba mambo ya familia si ya mwalimu. Sheria namba 06/019 ya tarehe 20/7/2006 ilikuwa imekwisha kusema wazi kwamba kwa makosa ya ubakaji malipo mbele ya opeje ao magistra hayamalizi mashitaka. Basi, ikiwa leta yenyewe imekatazwa kupokea makuta juu ya kosa lile, wazee wanapokea mbuzi kwa ruhusa ya nani? Kijana wa mabati tulimpeleka ku polisi wakati barza ilikuwa dawa yake. Msichana tulimwacha ku barza wakati alihitaji sheria. Mara mbili tulikosea, kila mara kwa upande mwingine, na mara zote mbili tulikuwa na mwandiko mzuri.

5. Barza inayoweza kukataliwa

Kutokana na makosa haya mawili tumefikia wazo moja, na ndilo tunalotaka kuliacha mbele ya wasomaji.

Wanaosifu upatanishi wanasema: unamwepusha mkosaji na njia ya mashitaka. Vema. Lakini kumwepusha mtu na njia kunataka njia ile iwepo. Kule Nairobi ao Kampala, aliyeibiwa anaweza kusema: mapatano haya siyataki, ninaenda mbele ya zuzi. Juu anaweza kusema hivyo, wale wanaompatanisha wanalazimika kumheshimu. Akikubali, amekubali kweli. Sasa tumweke mjane wa kijiji cha mbali cha Walikale, siku mbili za mguu kutoka kwa zuzi wa karibu, barabara ina vizuizi vya watu wenye bunduki, na kila kizuizi kinaomba makuta. Wazee wakimwambia “pokea kuku hii, yaishe,” je, amekubali? Amekosa tu fasi nyingine ya kwenda. Kukubali kwa mtu asiyeweza kukataa si kukubali.

Kwa hiyo tunasema: barza ni haki pale tu ambapo mnyonge anaweza kuikataa. Hapo inakuwa njia bora kuliko jela, maana inatengeneza. Pale ambapo hawezi kuikataa, barza inaweza kuwa nzuri kwa bahati, ikiwa wazee ni wema, lakini haki haipaswi kutegemea bahati.

Mwenzetu mmoja mwalimu alitupinga. Alisema: “Kwa hiyo tungojee barabara na tribinali ndipo tupatane? Tutakufa tukingojea.” Ana haki. Katika teritwari zetu, ambamo mamlaka yamebadilika mikono mara nyingi, na ambamo mji wa Masisi uliangukia mikononi mwa M23 mwezi wa kwanza 2025 na ule wa Walikale mwezi wa tatu kabla hawajautoka, hatuwezi kufunga barza mpaka leta irudi kamili. Lakini jibu letu ni kwamba ile nguvu ya kukataa inaweza kutengenezwa hata ndani ya kijiji, kidogo kidogo. Aliyekosewa aulizwe kwanza, peke yake, kabla ya wazee kukata. Kama ni mwanamke, aulizwe na wanawake. Kama ni mtu wa kabila lingine ao mkimbizi, wawepo wazee wa upande wake katika kiti, si nyuma. Na aambiwe mbele ya wote: ukisema hapana, hakuna atakayekuchukia, na tutakusindikiza mbele ya wenye sheria.

Kuhusu mbuzi, mila iwe wazi. Kinachotoka kwa mkosaji kiende kwa aliyekosewa. Wazee wakitaka kula, wale cha kwao. Na pale inapowezekana, mkosaji alipe kwa kazi kuliko kwa mali. Mikono ya tajiri na mikono ya maskini ina vidole kumi kumi. Mwenye ng'ombe mia akilazimika kulima mwenyewe shamba lililoharibiwa, mchana, watu wakipita, hataruhusu ng'ombe zake zirudi. Wakubwa watasema ni kumwaibisha. Lakini Mwindo mwami aliaibishwa mbele ya Mwezi na Jua, na akarudi mwami bora.

Mwisho, kuna makosa ambayo mlango wa barza ufungwe kwayo kabisa: kuua, kubaka, kuteka watu. Na mashitaka ya uchawi vilevile. Mara nyingi mwenye kushitakiwa uchawi ni mama mzee asiye na mtoto wa kumtetea. Hapo hakuna kosa la kupatanishwa, kuna mtu wa kulindwa. Mzee anayekubali kupokea mbuzi kwa mambo haya anaichafua mila anayodai kuilinda.

Hitimisho

Miaka michache iliyopita kijana mwingine alikamatwa shuleni kwetu na vitabu vya shule alivyotaka kuuza. Hatukuandika barua. Tuliita baba na mama yake, wazee wawili, komite ya wazazi, na wanafunzi wawili wa darasa lake, juu vitabu vile vilikuwa vyao. Tuliwauliza hao wanafunzi kwanza. Mmoja alisema hapendi kijana yule asamehewe, na tulimsikiliza mpaka mwisho. Baada ya maneno marefu alisema atakubali, ikiwa mwizi atavifunika upya kwa mikono yake vitabu vyote vya maktaba vilivyopasuka. Ilichukua miezi miwili. Kijana alimaliza shule. Wala hatusemi kila mara itaenda hivyo. Kuna mwingine tuliyempatanisha na akaiba tena. Lakini kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi.

Tunaomba wazee, akina mama na vijana wa Masisi na Walikale: kila barza iwe na daftari. Iandikwe kosa lilikuwa gani, nani alikosewa, kama aliulizwa na alijibu nini, kitu gani kilitolewa, na kilikwenda kwa nani. Daftari ya franga chache inatosha. Siku leta itakapokuja kuuliza mila yetu ni nini, tutaifungua. Na kabla ya siku ile, sisi wenyewe tutakuwa tukiisoma, na kila ukurasa utatujibu mbuzi ilikwenda wapi.

Mabati ya shule yetu yalinunuliwa upya na wazazi. Baba wa yule kijana alichanga naye, ingawa hakuwa tena na mtoto shuleni. Tuliandika jina lake katika orodha, kwa mwandiko wetu uleule.